Betri za Tochi ya Mkwe

Athuman hakuwa mtu wa kujisifia kazi yake. Alikuwa anasubiri wengine waisifie, na wasipoisifia alinuna mpaka jioni. Kibanda chake kiko Majengo, nyuma ya wauza alizeti na uwele, mahali ambapo upepo wa Dodoma unaleta vumbi na makapi kwa pamoja. Miaka ishirini na sita amekaa humo akifungua redio, tochi, taa za sola na kila kitu kinachokula betri. Siku hizi redio zimeadimika, ila betri zimekuwa nyingi kuliko zamani. Ofisi zilizohamia mjini zilikuja na laptop zake, na laptop zikizeeka betri zake hutupwa. Ndani ya betri moja ya laptop mna betri ndogo sita za duara, nene kidogo kuliko kidole gumba, na mara nyingi mbili tu ndizo zimekufa. Zile nne nzima Athuman alizivalisha nailoni mpya ya bluu, akaziuza kwa wenye tochi.

Kuzipima alikuwa na njia yake. Anaitia betri kwenye tochi, anaiwasha asubuhi, anaandika saa kwenye kipande cha boksi, kisha anaendelea na mambo yake. Inayokaa saa nne ni ya mteja wa kawaida. Inayokaa saa nane ni ya walinzi. Inayopita saa kumi haiuzwi kabisa: inakwenda kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya meza, akiba ya ndugu na watu anaowapenda. Kwake yeye betri nzuri ni ile inayokaa, basi, na hakuna mtu aliyewahi kumpa sababu ya kufikiri vingine.

Kwa hiyo binti yake Zaitun alipokuja kibandani, mtoto mgongoni, akasema, "Baba, Mudrick anaomba betri mbili za tochi, ya kazini inamzimikia," Athuman hakufikiri mara mbili. Mudrick ni mumewe Zaitun, kijana wa kwao Kondoa, fundi wa madirisha ya aluminiamu, mpole, mchapakazi. Fundi wa madirisha ataachaje kuhitaji tochi? Majumba yanayojengwa huko Nala hayana umeme bado. Athuman akainama chini ya meza, akafungua kopo, akachagua mbili zilizokaa saa kumi na moja na nusu. Bora kuliko hizo hakuwa nazo.

"Mwambie hizi hazina mfano," alisema. Alifurahi siku nzima.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, Zaitun akarudi na moja.

"Anashukuru sana, baba. Ila anasema hii haifiki hata mchana. Asubuhi imejaa, saa sita hakuna kitu."

Athuman aliipokea kwa hasira kidogo, kama mpishi aliyerudishiwa sahani. Zaitun alipoondoka akaiweka kwenye mwanga. Nailoni yake ya bluu ilikuwa imejikunja juu, na kuzunguka ile ncha ya chanya kulikuwa na duara la kahawia, kama ugali ulioshika sufuria. Akaijaza chaji, akaitia kwenye tochi, akaiwasha. Ilikaa ikiwaka tangu saa tatu mpaka anafunga kibanda. Betri haikuwa imekufa. Basi huko Miyuji, nyumbani kwa Mudrick, ilikuwa inanyonywa na nini?

Hakuna tochi inayoifanyia betri hivyo. Athuman alilijua hilo bila kuambiwa, kwa sababu alikuwa ameziona betri za kila aina ya ugonjwa. Akavuka njia mpaka kwa Batholomeo, anayeuza makava ya simu na vikorokoro vya vijana, akamwonyesha.

"Mzee Athuman, hii imetoka kwenye vepu," Batholomeo alisema hata kabla hajaishika vizuri.

"Kwenye nini?"

"Sigara ya mvuke. Siyo zile ndogo za kutupa, hizo zina betri yao ndani. Hii ni yale mabomba ya shaba. Unatia betri, juu kuna koili na pamba yenye dawa ya harufu. Ukibonyeza kitufe koili inakuwa nyekundu, dawa inageuka moshi. Sasa vijana wanataka moshi mwingi, wa kujaza chumba. Wanachukua waya mnene, wanazungusha mara tano, sita, basi. Ukinzani wa umeme unabaki omu sifuri nukta mbili, wengine chini ya hapo. Na lile bomba halina saketi ya kulizuia. Betri na koili, uso kwa uso."

Athuman hakuuliza zaidi. Alirudi kwenye kiti chake, akachukua kipande cha boksi na kalamu. Betri ikijaa ina volti nne nukta mbili. Akaigawa kwa sifuri nukta mbili. Ishirini na moja. Akajaribu sifuri nukta moja na nusu. Ishirini na nane. Ampea ishirini na nane, kutoka kwenye betri ya laptop, ambayo ilipokuwa mpya kiwandani iliwekewa mwisho wa ampea nane, na yeye ndiye aliyeificha namba hiyo kwa nailoni yake ya bluu. Tochi haiombi hata ampea mbili. Alikuwa amempa mkwe wake pipa kubwa lenye bomba jembamba, kwa kuwa yeye maisha yake yote alipima ukubwa wa pipa tu. Aliyekuwa anahitaji kupewa betri zinazotoa kwa nguvu, zile za kwenye drili zisizokaa sana, alipewa zinazokaa. Na ukiilazimisha betri kama hiyo inapata joto, na ikizidi joto haizimiki kama tochi. Inalipuka.

Aliogopa, na hakuona aibu kujiambia kwamba anaogopa.

Sasa wewe msomaji utasema: si apige simu? Si aseme, "Mudrick, acha hiyo kitu mara moja"? Ungesema hivyo kwa sababu si wewe mwenye mkwe. Katika nyumba aliyokulia Athuman huko Kondoa, mkwe havuti sigara mbele ya baba mkwe wake, hanyooshi miguu, hasemi neno la ovyo. Hilo kila mtu analijua. Wanachosahau watu ni kwamba baba mkwe naye ana mipaka yake. Hamchunguzi mkwe. Hamuulizi ana nini mfukoni. Akimkuta mahali pasipopendeza anapita kana kwamba hajaona mtu. Mudrick alisema tochi kwa heshima, asimtajie baba mkwe sigara. Kumwambia leo "najua si tochi" ilikuwa sawa na kumvua nguo mbele ya mkewe. Athuman alimheshimu hivyo marehemu baba mkwe wake miaka kumi na tisa, na alijivunia.

Jioni hiyo alimweleza mkewe, Hamida, naye Hamida akampigia Zaitun. Lakini Hamida naye ni mama mkwe, na mama mkwe ana haya kuliko baba. Maneno yalipotoka upande wa pili yalikuwa yamekuwa haya: "Baba anasema hizo betri msiziweke kwenye joto."

Jibu lilirudi Jumatano. "Mudrick anasema asante, ameziweka kivulini."

"Kivulini!" Athuman alisema. Angecheka kama lisingekuwa jambo la kutisha.

Alhamisi alijipa moyo akapiga mwenyewe. Alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri.

"Shikamoo baba," ilisema sauti ya Mudrick, na nyuma yake kelele za msumeno wa aluminiamu.

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri baba, tunashukuru."

"Mtoto?"

"Mzima kabisa."

Athuman aliyasikia maneno yake yote yakipanga foleni kooni, kisha yakageuza na kurudi yalikotoka.

"Na ile tochi?" aliuliza.

"Inawaka vizuri sana, baba."

"Haipati joto?"

"Hapana baba. Hata kidogo."

"Haya. Kumbe vizuri," alisema Athuman, akakata simu, akajitukana kwa Kirangi, lugha ya kwao Kondoa.

Ijumaa alipata wazo, na wazo lenyewe lilimfurahisha mno, jambo ambalo lingetosha kumtia mashaka. Alitafuta drili iliyoungua mota, akaipasua betri yake, akatoa betri mbili zenye nguvu ya kutoa. Angeenda nazo Miyuji, amwambie mkwe, "Nimekuletea za tochi zilizo bora, nipe zile nirudi nazo." Zile mbaya zingetoka, hizi zingeingia, na hakuna mtu ambaye angelazimika kutaja sigara. Kila mtu na heshima yake. Alizivalisha nailoni mpya kwa uangalifu mkubwa, akazitia kila moja kwenye kasha lake dogo la plastiki zisigusane na funguo wala sarafu.

Jumamosi saa tisa alasiri alipanda bajaji mpaka Miyuji. Hakupiga simu kwanza. Alidhani akipiga watamwandalia chakula, na yeye alitaka kukaa dakika kumi tu.

Nyumba ya Mudrick iko chini ya mawe makubwa, nyumba ya vyumba viwili yenye madirisha mazuri kuliko ya jirani yeyote. Athuman alipokaribia alisikia harufu ya embe. Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa baridi, na hakuna embe Dodoma yote. Akabisha hodi. Nyuma ya nyumba kitu kilianguka, kiti kikaburuzwa, kisha Mudrick akatokea pembeni ya ukuta akiwa anafuta mdomo, mkono wa kulia ukitoka mfukoni.

"Baba! Shikamoo. Karibu, karibu ndani. Hukutuambia!"

"Marahaba. Napita tu."

Waliingia. Athuman alipewa kochi, Mudrick akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, magoti pamoja, macho chini, kama inavyotakiwa. Zaitun alikuja akapiga goti, akamwamkia baba yake, akaenda kuweka maji ya chai. Waliulizana habari za mvua ambayo haikunyesha vizuri mwaka huu. Waliulizana habari za Kondoa. Athuman akatoa vile vikasha viwili.

"Nimekuletea betri. Za tochi. Hizi zina nguvu zaidi, ingawa hazikai sana. Nipe zile nyingine nikazirekebishe."

"Ahsante sana baba. Ziko... ziko kazini."

"Zote?"

"Moja unayo wewe, baba. Nyingine iko kazini."

Athuman aliitikia kwa kichwa. Alikuwa tayari kusema atasubiri mpaka Jumatatu. Alikuwa tayari kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza baadaye kuliko kidonda.

Zaitun akatoka jikoni na mtoto, Shakila, wa miezi mitano, akamshusha kuelekea kwa Mudrick. "Mshike, maji yanachemka."

Mudrick akarudi nyuma na kigoda chake. "Mpe babu yake."

"Mshike kidogo tu, mikono yangu—"

"Nimesema mpe babu yake!"

Zaitun alishangaa. Mudrick hakuwa mtu wa kupaza sauti, na huyu mtoto alikuwa hamwachii hata akila. Athuman akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie, yaani alifanya lile ambalo baba mkwe hafanyi, akamtazama usoni. Jasho lilikuwa linamtiririka Mudrick kwenye paji la uso, mwezi wa saba, na upepo unaingia mlangoni. Mdomo wake ulikuwa umekazwa. Mkono wa kulia ulikuwa umekandamiza paja kama mtu aliyebanwa na msuli.

Kisha Athuman akasikia ile harufu. Haikuwa embe tena. Ilikuwa tamu na kali, kama rangi ya kucha, na kila fundi wa betri akiisikia anakimbia.

"Mudrick, toa hiyo kitu mfukoni."

"Hamna kitu, baba."

"Kitufe kimebanwa! Toa!"

"Hamna kitu baba, ni—" Na machozi yakamtoka, na bado hakutoa. Alikaa pale kwenye kigoda akiungua, magoti pamoja, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa amekaa mbele yake.

Athuman hakumbuki alivyoruka. Zaitun anasema aliiruka meza. Alitia mkono kwenye mfuko wa suruali ya mkwe wake, akakamata bomba la shaba ambalo lilikuwa na moto wa kikaango, akalivuta likaja na kitambaa, akalitupa nje ya mlango kwa nguvu zake zote. Lilianguka kwenye mchanga. Likafanya kelele ya sufuria ya presha, kisha ulimi wa moto mweupe ukatoka upande mmoja, urefu wa mkono, ukawaka mpaka ukakosa cha kuwaka. Kuku walitawanyika. Majirani walidhani ni mtungi wa gesi.

Ndani, Athuman alikuwa akimmwagia Mudrick maji ya ndoo pajani, kikombe baada ya kikombe, akipiga kelele kwamba mtu asiguse, mtu asipake dawa ya meno, maji tu, maji tu. Walimaliza ndoo mbili. Hapo ndipo alipoona kiganja chake mwenyewe.

Kwenye zahanati walifungwa bandeji wote wawili. Paja la Mudrick lilikuwa limeungua upana wa sahani ya kikombe, na mganga alisema litapona ila litaacha alama, na kwamba bomba lingebaki mfukoni dakika nyingine moja asingekuwa anawaeleza hivyo. Athuman alifungwa kiganja cha kulia. Alikaa kwenye benchi, mjukuu amelala kwenye mkono wake wa kushoto, akautazama uso wa yule mtoto, akaona wazi jinsi ambavyo angekuwa amekaa juu ya lile paja.

Zaitun alikuja akakaa karibu naye.

"Baba, ulijuaje?"

Angeweza kusema ni harufu. Ingekuwa kweli, kwa kiasi fulani.

"Ile betri uliyoleta," alisema. "Niliitazama nikajua. Nikajua ni ya sigara, na nikajua niliyompa siyo ya kazi hiyo. Nilikwenda kwa Batholomeo, nikapiga hesabu. Nilijua tangu Jumanne."

Zaitun hakulia wala hakupandisha sauti. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto wake kwenye mkono wa baba yake, taratibu, asimwamshe.

"Leo Jumamosi, baba," alisema.

Athuman alitafuta ndani yake ile heshima aliyoilinda siku tano, akaiona ilivyo: alikuwa amejilinda yeye asione aibu ya dakika moja, akaita hivyo heshima. Alibaki kwenye benchi mpaka wagonjwa wengine wakaisha. Kisha akainuka, akasukuma pazia, akaingia alikolazwa Mudrick. Kijana alipomwona akataka kuketi vizuri, afunike miguu. Athuman akamzuia kwa ule mkono uliofungwa, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Usinyanyuke. Nataka kukuuliza jambo, na unijibu kama unavyomjibu fundi. Ile koili yako ilikuwa na ukinzani gani?"

Mudrick alitazama ukuta.

"Sijui, baba. Niliacha sigara mtoto alipozaliwa, rafiki yangu mmoja wa Area D akaniuzia lile bomba. Nikawa nazungusha waya mwenyewe, najaribu tu. Sijawahi kuipima."

"Kwa nini hukuipima?"

"Sina mita ya kupimia." Akageuza uso, akamtazama baba mkwe wake machoni. "Siku ile nilipotaka betri nilikuja nayo mpaka Majengo, baba. Nilitaka nikuombe unipimie. Nilisimama pale kwa wauza alizeti karibu saa nzima nikikuangalia unafanya kazi. Nikaona haya, nikarudi nyumbani, nikamtuma Zaitun aseme ni tochi."